LDL imepanda baada ya kuacha ugali: nianze dawa au nirudi kwenye wanga?

*"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, naishi Mwanza. Mwezi wa kwanza nilikuwa na kilo 93 na presha 148/92. Nikaacha ugali, wali, chapati, soda na sukari. Leo nina kilo 79, bado napungua, na presha ni 128/80 bila dawa yoyote. Asubuhi nakunywa kahawa yenye vijiko viwili vikubwa vya siagi na mayai matatu ya kukaanga kwa mafuta ya nazi. Mchana ni supu ya ng'ombe au nyama choma, usiku samaki au kuku na mboga ya kuunga kwa samli. Nilikuwa na furaha mpaka juzi nilipopima tena mafuta kwenye damu. Majibu ya mwezi wa kwanza: kolesteroli yote 5.6, LDL 3.4, HDL 1.1, trigliseridi 2.4. Majibu ya sasa: kolesteroli yote 7.4, LDL 5.4, HDL 1.6, trigliseridi 0.9. Daktari niliyemwona amesema nianze dawa na nirudi kula kawaida. Kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema uwiano wangu ni mzuri, LDL ni uongo wa wauza dawa, mbona Wamasai wanaishi kwa nyama na maziwa na hawaugui moyo. Baba yangu alifariki ghafla akiwa na miaka 52, hatukujua sababu. Nimsikilize nani?"*

Kaka, pokea kwanza hongera yako. Kutoa kilo 14 na kushusha presha kiasi hicho bila kidonge si mchezo, na presha ndiyo inayoongoza kwa kuwapiga watu kiharusi. Anayekuambia umepoteza miezi yako bure hajasoma karatasi yote. Ila na anayekuambia LDL ya 5.4, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, haina neno, naye hajaisoma yote.

Daktari wako alikuwa na haki ya kushtuka. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani inasema LDL ikifika 4.9 na kuendelea, mazungumzo ya dawa yaanze hata kama mtu hana ugonjwa mwingine. Wenzako wa kundini nao wameona trigliseridi zimeshuka kutoka 2.4 hadi 0.9 na HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, imepanda, na hayo ni mabadiliko ya kweli. Tatizo ni kwamba kila upande unadhani habari njema na habari mbaya zinafutana. Hazifutani. Mwilini mwako yametokea mambo mawili kwa wakati mmoja, kila moja lina chanzo chake, na unaweza kulirekebisha la pili bila kuliharibu la kwanza.

Nikueleze yalivyotokea. Mafuta hayachanganyiki na damu, kwa hiyo ini huyafunga ndani ya chembe zenye ganda la protini ndipo yasafiri. Chembe zinazotoka kwenye ini zimejaa trigliseridi kwa ajili ya misuli na akiba ya mwili. Zikishatua mzigo huo, nyingi hubaki ndogo, zimebeba kolesteroli zaidi, na hizo ndizo tunaziita LDL. Mtu anapokula wanga kuliko anaoutumia, hasa sukari na soda, ini hugeuza ziada kuwa mafuta na kumwaga trigliseridi kwenye damu. Ulipoacha, ini lilipata nafuu, kitambi kikapungua, trigliseridi zikashuka na HDL ikapanda. Hiyo ni kazi ya kupunguza wanga na uzito, na katika hilo kundi lako halikukudanganya.

LDL ina njia yake. Ini lenyewe ndilo huiondoa kwenye damu, kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua vipokezi hivyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ukila kwa wingi mafuta yanayoganda, yaani siagi, samli, mafuta ya nazi na mafuta ya nyama nono, ini hupunguza vipokezi hivyo. LDL inakosa wa kuipokea, inazunguka muda mrefu na kurundikana. Baadhi ya chembe hupenya kwenye ukuta wa ateri, zinanasa humo, na mwaka baada ya mwaka ukuta unajaa utando wa mafuta unaoweza kupasuka siku moja na kuziba mshipa. Kinachohesabiwa hapa ni wingi wa chembe pamoja na muda zilizokaa. Miezi michache ya 5.4 haikuangushi kesho. Miaka 15 ya 5.4, kwa mtu ambaye baba yake aliondoka ghafla akiwa na miaka 52, hiyo ndiyo siitaki.

Ungenitumia majibu mapya peke yake, ningewaza ugonjwa wa kurithi ambao vipokezi vya LDL ni pungufu tangu mtu anazaliwa. Unampata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani, na wengi wao hawajui. Lakini una karatasi ya mwezi wa kwanza, na kwangu hiyo ndiyo ya thamani zaidi. Wakati ule ulikuwa unakula kawaida, mnene, na LDL ilikuwa 3.4. Mwenye ugonjwa huo kwa kawaida asingekuwa na 3.4 bila dawa. Kwa hiyo LDL yako kwa sehemu kubwa imepandishwa na sahani, na kilichopandishwa na sahani kinaweza kushushwa na sahani. Wengine wanaosoma hapa, karatasi za vipimo msizitupe.

Sasa tuje kwenye uwiano. Kundini wamegawanya kolesteroli yote kwa HDL: zamani 5.6 kwa 1.1 ni 5.1, sasa 7.4 kwa 1.6 ni 4.6. Kweli umeboreka. Lakini chukua karatasi ileile ufanye hesabu nyingine: toa HDL kwenye kolesteroli yote. Zamani 5.6 kutoa 1.1 ni 4.5. Sasa 7.4 kutoa 1.6 ni 5.8. Hiyo 5.8 ni kolesteroli yote iliyomo kwenye chembe zinazoweza kunasa kwenye ukuta wa mshipa, LDL na ndugu zake, na kwa mtu wa hatari ya wastani tunapenda iwe chini ya 3.4. Uwiano unasema umepona, hesabu hii inasema mzigo umeongezeka. Mimi naifuata hii ya pili.

Kwa nini? Kwa sababu HDL hailipi deni la LDL. Kwa miaka mingi sisi madaktari tulifundishwa kwamba HDL inasafisha mishipa, basi ikipandishwa mtu atapona. Zikatengenezwa dawa za kuipandisha. Mojawapo, torcetrapib, iliipandisha sana HDL, na mwaka 2006 utafiti wake mkubwa ulisimamishwa kwa sababu waliokuwa wanaitumia walikufa zaidi ya wasioitumia. Nyingine zilizofuata zilipandisha namba bila faida ya maana kwa moyo. HDL ikipanda kwa sababu umepungua uzito, nafurahi kama dalili kwamba mwili unafanya kazi vizuri zaidi. Siifanyi kinga.

Upande wa LDL ushahidi umekwenda kinyume na hapo, na sehemu yake nzuri inatoka kwa watu weusi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha habari za Wamarekani weusi waliofuatiliwa miaka 15. Asilimia 2.6 kati yao walikuwa na hitilafu ya kurithi kwenye jini iitwayo PCSK9, inayofanya vipokezi vya LDL viwe vingi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu kuliko ya wenzao, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88, ingawa wengi kwenye kundi hilo walikuwa na presha, kisukari au wanavuta sigara. Wauza dawa hawakuhusika na LDL ya watu hao, walizaliwa nayo.

Kuna jambo jingine ambalo makundi haya hayasemi, kwa sababu mafundisho yake mengi yanatoka kwa Wazungu. Trigliseridi ndogo huchukuliwa kama cheti kwamba insulini inafanya kazi vizuri. Kwa watu wenye asili ya Afrika cheti hicho hakiaminiki sana, maana trigliseridi zetu huwa chini hata kwa mtu ambaye sukari imeanza kumsumbua. Kwako zimeshuka kutoka juu, hiyo ni nafuu halisi. Lakini hali ya sukari usiikisie kwa trigliseridi. Pima HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu.

Na Wamasai? Hoja hii naipenda, maana ni utafiti uliofanyika hapahapa kwetu. Daktari Mmarekani George Mann na wenzake walikuja miaka ya 1960 kuwapima Wamasai waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, na ugonjwa wa moyo wakauona kwa nadra sana. Kinachoachwa njiani wakati wa kuisimulia ni kwamba kolesteroli ya Wamasai wale ilikuwa *ndogo*, ndogo kuliko ya Wamarekani na ndogo mno kuliko yako. Miili yao ilikuwa na namna ya kupunguza utengenezaji wa kolesteroli wakila nyingi, na walikuwa wakitembea na ng'ombe kutwa nzima. Mann alipochapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50 wa Kimasai mwaka 1972, kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa, ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka na damu inapita. Ukiwatumia hao kama ushahidi kwamba LDL kubwa haidhuru, umewatwisha kitu ambacho hawakuwa nacho. Halafu maziwa yana sukari yake, kwa hiyo hata mlo wao haukuwa huu wako.

Nitetee mayai kidogo. Yanalaumiwa kuliko yanavyostahili. Kolesteroli nyingi ya mwilini inatengenezwa na mwili wenyewe, na ile ya kwenye kiini cha yai huipandisha LDL kidogo kwa watu wengi. Mayai yako matatu nisingeanza nayo. Ningeanza na yanapokaangiwa, na kikombe kilicho pembeni yake.

Tuhesabu. Kijiko kikubwa cha siagi kina karibu gramu 7 za mafuta yanayoganda. Viwili kwenye kahawa ni 14. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina kama 12. Jumla 26, na hiyo ni saa moja asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani karibu gramu 22 kwa anayekula kilokalori 2,000. Kabla hujavaa viatu umeshamaliza mgao wa kutwa na kuchota wa kesho, bado supu, bado samli ya usiku. Na kama hiyo kahawa ni ya kuchemsha bila kuchuja kwa karatasi, nayo ina mafuta yake, cafestol, yanayopandisha LDL. Vikombe viwili vidogo vya kahawa chungu barazani sina ugomvi navyo, ila anayekunywa vikubwa vinne au vitano vya kuchemsha kila siku nitamwambia achuje.

Kwa hiyo ninachokuomba si kurudi kwenye sahani ya ugali uliojaa kama mlima. Endelea kuacha soda na sukari, endelea kupunguza wanga kama unakufaa, lakini badilisha aina ya mafuta. Siagi itoke kwenye kahawa kabisa, si kupunguzwa. Mayai yakaangwe kwa alizeti kidogo, au yachemshwe. Mboga iungwe kwa alizeti au kwa karanga za kutwanga badala ya samli na tui zito. Supu ukipenda endelea nayo, ila ipikwe jana yake ilale kwenye friji: asubuhi utakuta tabaka jeupe gumu limeganda juu, kwenye sufuria ya mifupa yenye mafuta linaweza kufika unene wa kidole. Libandue lote ndipo upashe. Nono la nyama choma liache kwenye sinia, na ngozi ya kuku pia. Uko Mwanza, sato, sangara na dagaa viko mlangoni kwako, kula samaki mara nyingi kuliko nyama nyekundu. Ongeza parachichi na korosho.

Kitu kingine ambacho watu wa keto, yaani mlo wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, hukitupa na mimi nataka kirudi ni maharage, choroko, kunde na dengu. Ndiyo, vina wanga, lakini vina nyuzinyuzi zinazonasa nyongo tumboni na kulilazimisha ini kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Bakuli dogo kwa siku halitakurudishia kilo 14. Bamia na mlenda vinasaidia kwa njia hiyohiyo. (Kwa wasomaji wembamba ambao hawakuhitaji kupungua ila wameingia kwenye keto kwa kufuata mkumbo: ninyi ndio LDL yenu hurushwa juu zaidi. Kwenu kurudisha viazi vitamu viwili na matunda kwa siku mara nyingi hufanya kazi kubwa.)

Kuna sababu moja zaidi ya kutosoma 5.4 kama hukumu. Umesema bado unapungua. Mtu anayepungua kwa kasi anayeyusha mafuta ya mwilini, na kolesteroli iliyokuwa imehifadhiwa humo huingia kwenye damu. Jambo hilo lilielezwa kwenye utafiti tangu mwaka 1991, na huisha uzito ukitulia. Sijui kupanda kwako ni kiasi gani siagi na kiasi gani kupungua, lakini huhitaji kujua ili uanze. Badilisha mafuta leo, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8, maabara ileile. Usipime ukiwa na malaria au umetoka kuugua, kwa sababu ugonjwa hushusha LDL na kukupa faraja ya uongo. Kufunga kula kwa muda wa saa 9 hadi 12 kabla ya kupima ni vizuri kwa ajili ya trigliseridi, LDL yenyewe haibadiliki sana ukinywa chai. Usifunge siku nzima ukidhani unaisaidia. Na maabara ikikupa namba za mamia, imetumia mg/dL: gawa kolesteroli, LDL na HDL kwa 38.67, na trigliseridi kwa 88.57, utapata namba za mmol/L kama hizi zako.

Siku hiyo omba pia kipimo cha TSH, kwa sababu tezi ya shingo ikilegea LDL hupanda, pamoja na kipimo cha figo na ile HbA1c. Na kwa sababu ya baba yako, kama maabara kubwa inaweza, pima Lp(a) mara moja tu maishani. Ni chembe inayofanana na LDL, ya kurithi, chakula hakiigusi sana, na kwa wastani iko juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Ikiwa juu, tutakuwa wakali zaidi kwenye mengine yote. Kama hospitali ya rufaa ina mashine ya picha ya CT ya kuangalia chokaa kwenye mishipa ya moyo, inaweza kutusaidia kuamua, ila usiichukulie kama ruhusa: katika umri wa miaka 46 utando laini unaweza kuwepo kabla chokaa haijaonekana.

Dawa sasa. LDL ikirudi chini ya 3.5 au hapo karibu na Lp(a) ikawa ndogo, mimi nisingeharakisha kidonge, ningeendelea kukupima kila mwaka. Ikibaki 4.9 au zaidi pamoja na mabadiliko hayo yote, ningekuandikia statini, dawa ya kushusha LDL, na wala kundi la WhatsApp lisikutie aibu. Katikati ya hapo ndipo unakaa na daktari, mnaweka mezani presha, sigara, sukari na habari za baba, mnaamua wawili. Statini si sumu kama inavyosemwa: kila LDL ikishuka kwa 1, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa karibu asilimia 22. Inaongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari kwa mtu ambaye sukari yake tayari iko mpakani, hilo ni kweli na ndiyo maana nataka HbA1c kwanza. Kuuma misuli kupo, lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 uliowapa watu walewale statini miezi fulani na kidonge kitupu miezi mingine ulionyesha kuwa karibu asilimia 90 ya usumbufu waliousikia ulitokea na kwenye kidonge kitupu.

Usiige mlo huu bila daktari kama una kisukari na unachoma insulini au unameza glibenclamide, maana sukari inaweza kushuka ukazimia. Wajawazito pia. Mwenye trigliseridi zinazokaribia 10 aende hospitali wiki hiyohiyo, kongosho lake liko hatarini.

Wewe ukisikia kifua kinabana unapopanda mlima au ngazi na kuachia ukipumzika, usisubiri hizo wiki 8, nenda upimwe moyo. Kikibana umekaa, na jasho la baridi, au maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, hiyo ni dharura ya usiku uleule. Na hujaniambia kama una kaka na dada. Kama unao, kifo cha baba kinawahusu sawasawa na wewe: wapime presha, sukari na mafuta kwenye damu, hata yule mwembamba anayesema yeye haumwi.